Kamba Juu ya Ufa

Wewe umeuona. Usiniambie hukuuona. Umepita nyuma ya darasa lako, ukaona mstari mwembamba ardhini ambao juzi haukuwapo, ukageuza shingo. Umeona chemchemi yenu ikitoa maji ya rangi ya chai, ukachota hivyohivyo, ukasema hiyo ni kazi ya wakubwa. Wakubwa nao wakasema ni kazi ya ofisi. Ofisi ikasema haijapata barua. Watu hufukiwa wakiwa hai kwa njia hiyo, na baadaye wote huja mazishini wamevaa vizuri.

Kaa chini basi. Nitakueleza habari za msichana mmoja wa Nabukhisa, kijiji kilichokuwa juu ya Kamukuywa, upande wa mlimani, mwaka wa 1957. Yeye pia aligeuza shingo. Aliigeuza kwa siku nne.

Jina lake Nakhungu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la nne. Kila asubuhi alichukua mtungi, akapanda hadi chemchemi iliyokuwa chini ya kilima, akachota maji na kurudi kabla uji haujachemka. Kisha alimnawisha uso mdogo wake Wakhungu, wa darasa la kwanza, na kumfunga vifungo vya shati. Matundu yalikuwa manne, vifungo vitatu. Baba na mama yao walikuwa Kitale, wakipalilia mahindi ya mzungu ambayo hawangeyala, na watoto waliishi na nyanya yao, Kukhu Peris, mfinyanzi wa vyungu. Kwao nyanya huitwa kukhu.

"Wakhungu, ukipoteza hicho kifungo kingine nitakushonea punje ya mahindi," Kukhu alimwambia kila siku.

"Kuku watanifuata, kukhu."

"Wacha wakufuate. Utafika shule mapema."

Shule ilikuwa mahali pazuri mno, na hapo ndipo balaa ilipokuwa imejificha. Kilima cha Nabukhisa kilipanda ghafla kama ukuta, lakini miguuni pake palikuwa na uwanja tambarare, udongo mwepesi, unaokubali jembe. Watu waliukata mguu wa kilima hicho kupata udongo wa matofali. Kila nyumba ilitakiwa kuleta matofali mia tatu ya kujengea shule mpya, na udongo ulikuwa karibu, kwa nini waufuate mbali? Kwa miaka mitatu walikata, wakafinyanga, wakachoma. Shule ikapanda, kilima nacho kikabaki kama mzee aliyenyang'anywa mkongojo.

Juu ya kilima kulikuwa na jambo jingine. Miaka miwili kabla ya hapo, bwana shamba mmoja alifika na fimbo yake, akasema maji ya mvua yasiteremke, yakae mlimani. Watu walichimba mitaro mirefu iliyolala mmoja juu ya mwingine, kila Jumanne na Alhamisi, na mwanamume ambaye hakufika alipelekwa kwa chifu. Kukhu Peris alimwendea bwana shamba. Alimwambia kwamba chini ya udongo mwekundu wa kilima kile kuna udongo wa kijivu, ule wa kufinyangia vyungu, na kwamba maji yakifika kwenye udongo huo hayana pa kwenda. Bwana shamba alimuuliza mkalimani mwanamke huyo anauza nini. Mkalimani akasema vyungu. Wakacheka wote wawili. Watu wa Nabukhisa wanakikumbuka kicheko hicho hadi leo, na wewe pia usikisahau.

Sasa ilikuwa mwezi wa tano, mvua nyingi, na shule ilikuwa ifunguliwe siku ya Ijumaa. Mkaguzi wa shule angetoka Bungoma kuja kuitazama. Akiridhika, Nabukhisa wangepewa darasa la tano, na watoto wasingetembea tena hadi Kamukuywa alfajiri. Kwa hiyo Jumatatu ya juma hilo kila mwanafunzi alitakiwa kubeba maji ya kuchanganyia udongo wa kupaka kuta.

Nakhungu hakutaka kubeba maji. Alikuwa amebeba juma zima lililopita, na uyoga ulikuwa umeota mlimani.

"Mwalimu, naomba ruhusa," alimwambia Mwalimu Jotham, aliyekuwa mkuu wa shule. "Kukhu anaumwa. Anatapika."

Mwalimu Jotham alikuwa na chokaa hadi kwenye nyusi. "Pole. Nenda, mpe maji ya chumvi na sukari. Mwambie nitapita kumwona sherehe ikiisha."

Nakhungu alipanda kilima kwa njia ya nyuma. Juu kabisa, hatua chache kabla ya mtaro wa mwisho, aliona nyasi zimepasuka. Ulikuwa ufa, upana wa vidole vinne, ukienda kwa upinde kutoka kwenye jiwe kubwa hadi karibu na kijito. Aliingiza kijiti. Kijiti kikaingia chote. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na vidole vyake havikugusa mwisho, viligusa baridi tu.

Alisimama pale, uyoga ukiwa kwenye sketi aliyoikunja. Alijua lazima amwambie mtu. Alijua pia swali la kwanza ambalo angeulizwa: ulikuwa huko juu ukifanya nini?

Akauruka ule ufa, akarudi nyumbani, akapika uyoga.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, watoto walimzunguka Fundi Pritam. Huyu alikuwa Kalasinga kutoka Kitale, mwenye kilemba cha rangi ya majivu, aliyekuja kupiga mabati. Lori lilikuwa limemfikisha Kamukuywa na kukataa kupanda zaidi, na wanaume walibeba mabati kichwani hadi shuleni. Alilala kwenye stoo ya shule na kujipikia chapati ambazo watoto walizivizia.

"Fundi, kwenu kuna mlima?" Wakhungu aliuliza, macho yakiwa kwenye chapati.

"Kwetu iko mlima ambayo hii yako ni mtoto wake. Juu iko theluji."

"Theluji ni nini?"

"Mvua imekataa kuwa maji. Inaanguka pole pole, nyeupe kama unga. Ilichukua kaka yangu."

Mukhisa, mvulana wa darasa la nne ambaye hakuwahi kunyamaza, alicheka. "Ati unga ukachukua mtu? Unampeleka wapi, bana? Kwa posho mili akasagwe?"

Fundi Pritam hakukasirika. Alichukua ubao, akaomba unga, akaulowanisha kidogo na kuupiga kwa kiganja mpaka ukalala imara juu ya ubao. Juu yake akanyunyiza wimbi mkavu, punje kwa punje, tabaka jembamba. Juu ya wimbi akaweka unga mwingine, akaupiga nao ukawa mgumu. Akauinua ubao upande mmoja. Unga haukusogea. Akauinua tena. Haukusogea.

"Fundi, mlima wako umelala usingizi," Mukhisa alisema.

Pritam aligonga ubao kwa kidole kimoja. Unga wote wa juu ulitoka kwa pamoja kama blanketi inayovutwa kitandani, ukatua miguuni pa Mukhisa. Unga wa chini ulibaki palepale.

Safari hii hakuna aliyecheka, hata Mukhisa.

"Umeona? Watu wanaangalia juu, wanasema iko ngumu, tupite. Ile kitu ya katikati ndiyo inaua. Kaka yangu alikuwa askari. Askari ya zamani wa mlima wakifika mahali kama hii, wanachimba shimo kwanza, waangalie tabaka. Wanakata kipande, wanapiga kwa mkono. Kikitoka upesi, wanarudi nyuma. Siku hiyo hawakuchimba."

"Kwa nini?" Nakhungu aliuliza.

"Mkubwa alikuwa anangojea upande wa pili. Hakuna mtu alitaka kumchelewesha."

Nakhungu alisikia baridi ileile aliyoigusa ndani ya ufa. Mara ngapi alikuwa amekwenda na Kukhu kuchimba udongo wa vyungu kando ya kilima? Udongo mwekundu juu, mzito, wenye mizizi. Kisha ule wa kijivu, mwembamba, unaoteleza kama sabuni. Na juu yake ile mitaro ya maji yaliyolala.

Jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, alipanda tena peke yake. Alipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, akafunga kamba ya mkonge kati yake. Aliifunga ikiwa imelegea, unaweza kupitisha kidole chini yake na kuivuta juu.

Jumatano kamba ilikuwa imenyooka.

Alhamisi ilikuwa imekaza kama uzi wa litungu, zeze la kwao, na alipoigusa ilitoa sauti. Chemchemi ilitoa maji mekundu. Alimwambia Mukhisa, kwa sababu kumwambia mtoto mwenzake kulikuwa rahisi.

"Ati kilima kinatembea? Kinaenda soko gani?" Mukhisa alisema. Kisha akamsogelea. "Na utasema ulikuwa huko lini? Si Jumatatu ulisema kukhu wako anatapika? Mwalimu atakuchapa mbele ya mkaguzi, na sisi sote tutakosa darasa la tano kwa sababu yako."

"Lakini chumba cha nyuma ndicho cha akina Wakhungu. Kiko chini ya kilima kabisa."

"Nyamaza mpaka Jumamosi. Mkaguzi akienda, sema."

Nakhungu akanyamaza. Usimcheke. Wewe umenyamaza kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mvua ilianza Alhamisi saa kumi jioni, na ilinyesha mpaka alfajiri bila kupumua. Kulipopambazuka Nakhungu hakuchukua mtungi. Alipanda kilima akiteleza na kushika nyasi, na alipofika juu alikuta kamba imekatika. Kipande kimoja kilining'inia kwenye kigingi cha juu. Kigingi cha chini kilikuwa kimeshuka, na ardhi yake pamoja nacho, kimo cha goti. Maji ya mtaro yalikuwa yakimiminika ndani ya ufa kama yanayomiminwa kwenye chungu.

Alikimbia hadi nyumbani. Wakhungu hakuwapo, watoto wadogo walikuwa wameitwa mapema kufanya mazoezi ya wimbo. Kukhu Peris alikuwa akianika vyungu chini ya paa.

"Kukhu, nilisema uongo."

Akasema yote, Jumatatu mpaka Ijumaa, bila kujificha popote. Kukhu alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkaripia. Alisimama, akachukua jembe.

"Upana gani?"

"Sasa naweza kuingia mimi mwenyewe."

"Twende."

Uwanja wa shule ulikuwa umepambwa kwa migomba. Liguru Wabwile, mkuu wa kijiji chini ya chifu, alikuwa amevaa koti refu la mvua lenye vifungo vya shaba. Alikuwa ameleta kiti chake mwenyewe, cha mbao, chenye mto wa kukalia, na kukiweka ndani ya chumba cha nyuma, ambako mkaguzi angeanzia. Nakhungu alimwona kupitia dirisha akimsimamisha Wakhungu kando ya kiti na kumpa kopo la maua.

"Wewe shati lako safi. Simama hapa. Usitoke mpaka mgeni akae, umesikia? Hata mtu akikuita."

"Ndiyo, mzee."

Kukhu Peris alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Jotham, aliyekuwa akizungumza na Fundi Pritam mlangoni.

"Mwalimu, toa watoto. Kilima kimepasuka, kinakuja."

Liguru alisikia akatoka. "Mama Peris, leo si siku ya hadithi. Mgeni atafika saa nne."

"Na kilima hakina saa, Wabwile. Hakingoji mtu avae koti."

"Huo ni ufa wa jua. Ardhi ikikauka inapasuka, kila mtu anajua."

"Jua la wapi? Mvua imenyesha mwezi mzima."

Mwalimu Jotham alimtazama Nakhungu, miguu yake yenye matope. "Ulijua lini?"

"Jumatatu, Mwalimu. Kukhu hakuwa mgonjwa. Nilienda kutafuta uyoga."

Aliona uso wa mwalimu ukibadilika, akangoja kofi. Halikuja.

"Tukitoa watoto na kisitokee kitu," Liguru alisema, "mkaguzi atakuta shule tupu. Atarudi Bungoma na darasa la tano. Miaka mitatu tumechoma matofali. Mimi mwenyewe nimeleta mia sita. Utawaambia nini watu?"

Hilo halikuwa swali dogo. Mwalimu Jotham alikuwa ameuza ng'ombe wake mmoja kwa ajili ya mabati yale. Alitazama kuta, akatazama kilima kilichokuwa kimefunikwa na ukungu nusu yake. Kilionekana kimya, imara, kama siku zote.

"Hapana bishana," Fundi Pritam alisema taratibu. "Chimba. Dakika kumi. Udongo itasema."

"Si hapo katikati," Kukhu alisema. "Tukichimba hapo tutakuwa sisi mfano. Njoo kando, penye kijito. Tabaka ni zilezile."

Wakaenda wanne, Liguru akabaki mlangoni, Nakhungu akiwaonyesha mahali ambapo yeye na Kukhu huchimba udongo wa vyungu. Pritam alisimika jembe la Kukhu na kufukua ukuta ulionyooka. Ndipo wote walipoona: wekundu, ambao hapo kando haukuzidi kimo cha paja, kisha mstari wa kijivu usiozidi upana wa kiganja, ukitokwa na maji kama jasho. Alikata udongo pande mbili, kutoka juu hadi chini ya ule mstari. Kisha akatoa mfukoni kamba ya mkonge, akaizungusha nyuma ya udongo ule, akaivuta huku na huku kama msumeno, mpaka likabaki pande la udongo lililosimama peke yake, ukubwa wa kigoda kirefu.

Aliweka kiganja juu yake, akapiga kwa vidole. Mara moja. Mara mbili. Pande halikusogea.

Mwalimu Jotham alivuta pumzi. Nakhungu alitamani, Mungu amsamehe, lianguke.

Pritam akapiga mara ya tatu, bado kwa vidole tu. Pande lote lilitoka. Halikuvunjika wala kubomoka. Liliteleza zima juu ya ule udongo wa kijivu, polepole kwanza, kisha likaanguka miguuni pao. Mahali lilipokuwa limekaa pakabaki laini, panang'aa.

"Pigo tatu ya kidole," Pritam alisema. "Kule juu kuna mvua ya usiku mzima."

Mwalimu Jotham alikuwa tayari anakimbia.

Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilicholetwa kutoka steshenini Kitale, kikining'inia kwenye mti. Aliigonga kama mtu anayefukuza nyuki. Watoto walimiminika nje wakidhani mgeni amefika. Wengi walianza kukimbilia chini, kuelekea barabarani, kama mtu yeyote angefanya.

"Siyo chini," Kukhu Peris alisema, akinyoosha jembe lake mbele yao kama kizuizi. "Ukikimbia chini, kinakufuata. Kando. Pale kwenye mwamba. Shikaneni mikono."

Wakaenda kando, safu ya watoto karibu mia moja na arobaini, wakivuka kijito na kupanda kwenye bega la mwamba ambako hakuna aliyewahi kutaka kujenga kwa sababu jembe haliingii. Mvua ikaanza tena. Mwalimu Jotham alihesabu darasa la nne, la tatu, la pili. Darasa la kwanza walipaswa kuwa ishirini na saba.

Akahesabu tena.

"Ishirini na sita," alisema.

Nakhungu hakuhitaji kutazama nyuso. Alijua, na katika umati ule mtu mmoja mwingine alijua. Liguru Wabwile alikuwa amesimama na koti lake, na midomo yake ilikuwa imekuwa rangi ya majivu.

"Nilimwambia asitoke," alisema. "Nilimwambia hata akiitwa."

Nakhungu aliruka kijito. Mzee akampita. Alikuwa na miaka sitini na alimpita, koti likipepea nyuma yake, akalivua na kulitupa njiani. Nyuma yao Kukhu aliita jina la Nakhungu mara moja tu.

Kutoka juu ilisikika sauti kama kitambaa kizito kinachochanwa. Ilikuwa mizizi. Nakhungu alitazama juu akaona miti mitatu karibu na mtaro ikisogea, ikiwa imesimama wima, kama watu wanaopanga foleni.

Wakhungu alikuwa palepale kando ya kiti, kopo la maua mikononi, akilia kimyakimya. Liguru alifika mlangoni akausukuma, mlango ukagoma. Ukuta ulikuwa umeuminya. Akazunguka, akaingiza nusu ya mwili wake dirishani.

"Njoo."

"Mgeni hajakaa, mzee."

"Mimi ndiye mgeni. Nimekaa. Njoo."

Alimvuta kwa shati, vifungo vikaruka vyote vitatu. Nakhungu akamshika miguu, wakamtoa, na wote watatu wakakimbia kando, wala si chini, matope yakiwafika vifundoni, Liguru akimbeba mtoto kama gunia. Walipoukanyaga mwamba, ardhi nyuma yao ilipita.

Haikukawia. Mtu angeweza kusali Baba Yetu mara mbili. Kilima kilishuka chote kwa pamoja tangu kwenye ufa, nyasi zikiwa bado juu yake, kisha kikavunjika kikawa matope na mawe na mashina. Chumba cha nyuma kilikunjika, kisha vile vingine. Mabati mapya yaliruka kama karata. Vumbi halikuwapo, harufu tu ya udongo uliofunuliwa, harufu ya chungu kibichi.

Watoto mia moja na arobaini walisongamana juu ya mwamba. Mukhisa alikuwa ameshika mkono wa Nakhungu bila kujua.

"Kilifika soko," alisema kwa sauti ndogo, na hapo akaanza kulia.

Mkaguzi alifika saa nne na robo kwa miguu, gari lake likiwa limezuiwa na matope barabarani. Alikuta watu wazima wamekaa mvuani wakihesabu watoto kwa mara ya tano. Aliuliza ni nani aliyeruhusu sherehe iahirishwe.

"Ni mimi," alisema Mwalimu Jotham.

"Ni mimi," alisema Liguru Wabwile wakati huohuo, akiwa na fulana tu, matope hadi kifuani. "Na hatuna kiti cha kukupa. Samahani."

Mkaguzi alitazama pale shule ilipokuwa. Akafunga daftari lake.

Jumatatu iliyofuata wanafunzi walikusanyika kwenye mwamba. Mwalimu Jotham alimwita Nakhungu mbele, naye akasimulia tena kuhusu uyoga, ugonjwa wa uongo na kamba. Alipomaliza, Mukhisa alisimama bila kuitwa.

"Mimi nilimwambia anyamaze, Mwalimu. Mpaka Jumamosi."

Mwalimu akamwita naye mbele.

"Adhabu yenu ni moja," alisema. "Kila Jumatatu mtapanda juu pamoja, mtapima kamba, na mtasoma kipimo mbele ya shule nzima. Hata kama hakuna kilichobadilika. Hasa kama hakuna kilichobadilika." Kisha akavua kofia. "Na mimi nina langu. Mlango wa chumba cha nyuma ulianza kukataa kufunga Jumatano. Niliuona. Nyumba mpya, mlango mpya, unakataa kwa nini? Sikujiuliza. Nilimwambia fundi aupige randa."

"Na mimi nikapiga," alisema Pritam kutoka nyuma. "Kaka yangu angeniuliza."

"Sikilizeni," Mwalimu alisema. "Nakhungu alinyamaza kuficha uongo mdogo. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Kilima hakikujali sababu ya nani ilikuwa nzuri. Ukiona hatari, iseme siku hiyohiyo, hata kama kuisema kutafichua kosa lako. Na ukiambiwa na mtoto au na mfinyanzi, usimuulize anauza nini. Chukua jembe ukatazame."

Watu wa Nabukhisa walifanya hivyo. Safari hii Kukhu Peris ndiye aliyetangulia. Alichimbisha mashimo sita, kila moja mahali pake, kabla jiwe moja halijawekwa, akapaka udongo wa kila shimo kwenye viganja vyake, na pale alipotikisa kichwa hakuna aliyebisha. Waliifungua ile mitaro, maji yakapata njia ya kwenda kijitoni. Waliacha kuukata mguu wa kilima, wakapanda miti. Wanaume waliopelekwa kwa chifu kwa kutoichimba mitaro ndio walioifungua bila kuitwa na mtu. Shule ilijengwa kwenye bega la mwamba kwa matofali yaliyofukuliwa, na darasa la tano likaja, likiwa limechelewa mwaka mmoja. Wakhungu alikuwamo siku ya ufunguzi, shati likiwa na vifungo vinne vya shaba, vilivyotolewa kwenye koti la mzee lililofukuliwa matopeni.

Hadithi imekwisha, lakini wewe bado umekaa. Unangoja nini? Mvua ya kwenu imeanza. Funga kitabu hiki, toka nje, nenda nyuma ya darasa lako na juu ya nyumba yenu. Tazama kama miti imeinama, kama mlango uliofunga jana leo umekataa, kama chemchemi imebadilika rangi. Ukiona ufa, usiukaribie zaidi ya unavyopaswa. Mwite mtu mzima, pigilieni pamoja vigingi viwili, kimoja kila upande, na mfunge kamba ilegee. Kisha mwambie mwalimu, mwambie chifu, mwambie anayekucheka, na mkikataliwa semeni tena kwa pamoja. Leo. Kabla jua halijatua.

Nenda.